Siku Tulipoifunga Nyumba ya Tshangalele

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala msumeno. Nilipewa shada la funguo. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti cha useremala, shati limepigwa pasi na mama yangu, na nilikuwa na hamu ya kuonyesha ninavyojua kupiga randa. Shefu wa Majengo, Mbelgiji mzee aliyebaki Likasi hata baada ya serikali kuichukua kampuni ya migodi, alinitazama mikono kwanza, kisha uso. Aliongea Kiswahili cha Katanga kama mtu aliyezaliwa mtaa wa Kikula.

“Unajua kujenga?” aliniuliza.

Nikamjibu kwamba najua.

“Kujenga bantu bengi banajua. Minye nitakufundisha kufunga nyumba.”

Nilidhani ananitania. Vijana wa leo, ambao hamkuiona kampuni wakati wa nguvu zake, hamwezi kujua ilikuwa na nyumba ngapi. Kila mkubwa aliyehamishwa au kwenda likizo Ulaya aliacha nyumba nzima nyuma yake, na nyumba isiyo na mtu huharibika haraka. Mchwa wanapanda, panya wanazaa ndani ya magodoro, mvua inatafuta tundu la msumari. Ndiyo maana idara yetu ilikuwa na mafundi wachache ambao kazi yao ilikuwa kuzifunga nyumba hizo na kuzifungua tena. Mimi nikawa mmoja wao, na hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Kufunga nyumba kuna utaratibu wake. Unaanza na vani, yaani koki kubwa inayoleta maji kutoka nje. Ukishaifunga, unafungua bomba zote za ndani mpaka zikauke. Kisha unamimina mafuta kidogo katika kila sifoni, ule mpindo wa bomba ulio chini ya sinki. Mle huwa mna maji yanayozuia harufu ya mtaro isiingie ndani. Yakikauka, nyumba inanuka kaburi, lakini mafuta yakielea juu, maji hayakauki. Magodoro unayasimamisha ukutani. Viti unavifunika mashuka. Milango ya makabati unaiacha wazi, ya nje unaipiga kufuli. Mwisho kabisa, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, unanyunyiza chokaa ya unga sakafuni, safu nyembamba sana. Siku ya kufungua, chokaa inakuonyesha panya amepita wapi na mchwa ameingilia wapi. Shefu alikuwa akiinama na kuisoma sakafu pole pole, kidole mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kabla yake.

Nilianza na nyumba za mtaa wa Panda, kisha nikapelekwa Kambove msimu mmoja wa mvua. Niliporudi, Shefu aliniita akaniambia kwamba fundi wa nyumba za vakansi, yaani za likizo, kule ziwani ameomba ahamishwe. Nilimwuliza sababu. Akasema yule fundi analalamika kifua, ukungu wa asubuhi unamwumiza. Nilikuwa bado sijaoa, sikuwa na wa kumwacha nyuma, nikakubali.

Ziwa la Tshangalele halikuumbwa na Mungu, liliumbwa na ukuta wa simenti. Walifunga mto ili wapate umeme wa viwanda, na maji yakapanda juu ya mashamba, misitu na vijiji. Hata wakati wangu, miaka mingi baadaye, miti iliyokufa ilikuwa bado imesimama ndani ya maji, myeupe, haina jani hata moja, na ndege weusi wamekaa juu yake wamefungua mabawa. Kampuni ilikuwa imejenga nyumba chache kando ya maji ili wakubwa wapumzike na familia zao. Ya mwisho, mahali njia inapoishia kwenye mafunjo, ilikuwa nyumba ya matofali yaliyopakwa rangi nyeupe, paa la bati, baraza pana linalotazama ziwa. Ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini ilikuwa inakaa tupu kuliko zote.

Mara ya kwanza niliifungua peke yangu, wakati wa jua la asubuhi. Fundi wa zamani alikuwa ameifunga vizuri, kufuli zote zilikuwa mahali pake na kutu juu yake. Nikainama mlangoni kuisoma chokaa, na chokaa haikuwepo.

Ilikuwa imefagiliwa. Si kwa brashi ya mpini mrefu ya kampuni, bali kwa ufagio mfupi wa vijiti, ule wa mama zetu, unaoacha alama za nusu duara. Mnajua mwanamke wa kijijini anavyofagia kiwanja: anainama, anarudi nyuma, anafuta nyayo zake mwenyewe. Alama zilianzia chumba cha ndani kabisa, zikapita sebuleni, zikatoka barazani, zikashuka ngazi, zikavuka mchanga wa kiwanja. Nikazifuata. Hazikugeuka kulia wala kushoto. Zilifika ukingoni mwa ziwa, na ile nusu duara ya mwisho nusu yake ilikuwa mchangani na nusu yake ilikuwa chini ya maji. Maji yalikuwa yametulia kabisa, nikaiona vizuri.

Nilirudi nikakagua madirisha. Hakuna lililovunjwa. Mlango wa baraza ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

Karibu na hapo aliishi Mama Chola, mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi na kuwauzia wachuuzi wa Likasi. Nilikwenda kumwuliza ni nani mwenye funguo nyingine. Hakushangaa. Alinipa kigoda, akaendelea kugeuza samaki wake, akanisimulia kwamba chini ya maji yale kulikuwa na kijiji, na katika kijiji kulikuwa na mwanamke mzee mkunga. Maji yalipoanza kupanda, watu walibeba mikeka na kuku wao wakaenda. Yule mzee alikataa. Alisema wote waliozaliwa hapo wamepita katika mikono yake na vitovu vyao amevizika uani kwake, hawezi kuviacha. Mtu wa mwisho aliyemwona alimkuta anafagia ua wake, maji yakiwa yamefika vifundoni.

“Ua yake ilikuwa inafika paka pale,” Mama Chola akasema, akanyoosha mkono kuelekea nyumba nyeupe. “Weye fanya kazi yako. Yeye anafanya yake.”

Nawaambia nilivyosikia. Sikuwa mtu wa kuamini kila kitu, na nilikuwa na kazi ya kulinda. Nikanywesha pampu maji, maana pampu kavu haivuti, nikafungua vani, nikatandika vitanda. Tangu siku hiyo, hata hivyo, sikuingia nyumba ile bila kubisha hodi kwanza, na sikuwahi kuona haya kufanya hivyo.

Yule Mbelgiji aliondoka, na baada yake ukaja wakati wa majina mapya. Mkoa ukaitwa Shaba, suti zikakatazwa, na badala ya bwana tukaanza kuitana sitwayeni, yaani mwananchi. Shefu mpya alikuwa mtoto wa Likasi, mtu safi, mpole kwa wafanyakazi. Nilimpeleka ziwani kukagua nyumba. Alishuka kwenye nyumba zote, akagonga kuta, akaandika. Tulipofika ya mwisho alibaki ndani ya gari, kioo kimepandishwa.

“Weye ingia. Minye naona vizuri toka hapa,” akaniambia.

Nikaingia. Nilipotoka nilimkuta anatazama barazani, nyuma yangu, na midomo yake ilikuwa imekauka. Aliniuliza ni nani niliyekuwa naye mle ndani. Nikamjibu nilikuwa peke yangu. Akaniambia tuondoke, na hakurudi kule siku nyingine yoyote.

Ni huyo Shefu aliyempa nyumba ile Injenieri Mwepu, mmoja wa wahandisi wa kwanza weusi kupewa ukubwa kiwandani. Wengine walikuwa wameikataa kwa sababu iko mbali. Injenieri alicheka, akasema mtu aliyekulia kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili watoto tisa, hawezi kukataa nyumba yenye baraza. Alikuja na mkewe, Mama Odile. Serikali ilikuwa imeyafuta majina ya ubatizo, lakini hilo lilibaki midomoni mwetu, hakuna aliyemwita vingine.

Walikuwa watu wenye huzuni ambayo hawakuionyesha. Mama Odile alikuwa amepoteza mimba mara kadhaa, na mama mkwe wake alikuwa ameanza kuongea habari ya mke mwingine. Kule ziwani nilimwona akibadilika. Alikuwa anaamka mapema, anakaa barazani na blanketi mabegani kutazama ukungu ukiinuka, anapika bukari, yaani ugali, na samaki mwenyewe, ingawa mjini alikuwa na mpishi. Alinikuta siku moja natazama alama za ufagio kiwanjani. Nikataka kumdanganya, nikasema ni mimi niliyefagia. Akatabasamu.

“Weye unafagia sawa mwanaume,” akasema. “Huyu anafagia sawa mama yangu. Minye simuogope. Nikilala hapa, nalala.”

Wakawa wanakuja kila vakansi: Noeli, Pasaka, na wakati wa kiangazi kirefu. Ikafika Pasaka moja, Mama Odile ana mimba kubwa, na daktari amemwambia bado ana zaidi ya mwezi. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Uchungu ukamshika. Injenieri aliingia garini kwenda kutafuta mkunga wa misheni, na daraja likawa limefunikwa na maji, akakwama ng'ambo. Nikabaki mimi jikoni na mbabula, lile jiko la makaa, nikichemsha maji bila kujua mengine ya kufanya. Njia ya kwa Mama Chola ilikuwa imekatwa.

Nilimsikia Mama Odile analia. Kisha nikasikia anaongea, na mtu anamjibu. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, ya chini, katika Kisanga cha zamani, lugha ya wazee wa kule, ambacho hata bibi yangu asingekielewa chote. Nikashukuru Mungu, nikadhani kuna jirani aliyepita kwa mtumbwi. Mlango wa chumba ukafunguka kidogo, mkono ukatoka kudai maji. Nikaupa sufuria. Ngozi ya mkono ule ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe vidoleni, ngozi ya mtu aliyefua nguo siku nzima. Sufuria ilikuwa ya moto sana, mimi mwenyewe niliibeba na kitambaa. Ule mkono uliishika hivihivi.

Mtoto akalia. Nikangoja niitwe, sikuitwa. Mwishowe nikabisha, nikaingia. Mama Odile alikuwa amelala, amefunikwa, mtoto wa kike kifuani, wote wawili wasafi. Sakafu ilikuwa imelowa kuanzia kitandani mpaka mlango wa baraza, na mlango ulikuwa wazi. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mafunjo.

“Amekwenda,” Mama Odile akaniambia. “Mikono yake ilikuwa baridi. Nilitaka kumupa kitenge, akakataa.” Akamtazama mtoto. “Alisema, huyu ni wetu.”

Injenieri alirudi kesho yake amejaa matope. Alimbeba binti yake, akalia mbele yangu bila kujificha. Alikuwa mtu wa hesabu na mashine, kwake kila kitu kilikuwa na sababu yake. Alisema kuna mwanamke wa kijijini aliyetusaidia na lazima ashukuriwe, akamtuma Mama Chola atembee vijiji vyote na chumvi na kitenge. Mama Chola alirudi na chumvi yote na kitenge kikiwa kimekunjwa vilevile. Hakuna mwanamke wa kule aliyetoka nyumbani siku ile ya mvua. Injenieri alikiweka kitenge kabatini, na habari hiyo akaiacha hapo.

Mtoto aliitwa Berna. Ninyi mnaosoma mtafikiri walikimbia. Hawakukimbia, waliipenda nyumba zaidi. Niliwaona miaka ile wakiwa na furaha ambayo sijaiona katika nyumba nyingi, na mimi nimeingia nyumba nyingi. Injenieri alivua viatu akishavuka lango, akavaa kaptula, akavua samaki asiowapata. Mama Odile alipanda maua kando ya ngazi. Berna alijifunza kutembea barazani, akishika ukuta. Mara nyingine alicheka peke yake kwenye kona ya chumba, akinyoosha mikono abebwe, na mama yake alikuwa akipita na nguo zake za kufua bila kugeuka. Saa sita mchana, upepo ukikata, tulisikia mtu anatwanga, mbali, na sauti ilitoka upande wa maji. Tulikuwa tumezoea. Injenieri alisema ni mwangwi wa kijiji cha ng'ambo. Ng'ambo hakukuwa na kijiji, na alijua.

Ila niliona jambo moja lililonisumbua. Kadiri Berna alivyokua, alama za ufagio zilibadilika. Zamani zilitoka nyumbani kwenda ziwani. Alipofika umri wa shule, zilikuwa zinazunguka chumba chake, mara nyingi, moja juu ya nyingine, kana kwamba mwenye ufagio hataki kutoka.

Ukaja wakati mgumu wa kampuni. Mishahara ilichelewa, mashine zikasimama, wahandisi wakaanza kuondoka. Shefu wetu alistaafu, mahali pake akawekwa kijana aliyetumwa kutoka makao makuu, tuliyemwita Mjumbe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa kazi ya kupunguza, na alipunguza. Aliniita ofisini akaniambia kwamba nyumba za ziwani zinafutwa.

“Toa bati, toa milango, toa mabafu,” akasema. “Vyote virudi ku depo. Kuta tutaacha.”

Nilimwomba kitu kimoja tu, familia ipewe siku yake kwanza. Akafikiri, akakubali. Katika kazi yangu nilikuwa nimeona watu wanaotolewa nyumbani haraka, mizigo inatupwa garini, na niliona jinsi wanavyoendelea kugeuka miaka na miaka. Ninyi mtakaofanya kazi hii, ombeni siku hiyo. Haigharimu kitu.

Walikuja asubuhi, mwisho wa kiangazi, lori na mafundi wakitarajiwa alasiri. Injenieri alikuwa amezeeka ghafla. Alitembea chumba kwa chumba akigusa kuta kwa kiganja, akafungua kila dirisha akalifunga tena. Mama Odile alipika chakula cha mwisho, bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Mama Chola, tukala wote barazani, mimi nikiwa pamoja nao kwa mara ya kwanza. Berna alikuwa msichana mkubwa tayari, karibu kumpita mama yake. Hakula. Alikuwa anatazama maji.

Injenieri alimwuliza mkewe achukue kitu gani cha ukumbusho: kioo, saa ya ukutani, kile kitenge kilichokuwa kabatini tangu zamani. Mama Odile alikataa kila kimoja.

“Hivi vyote ni vyake,” akasema. “Sisi tulikuwa bageni.”

Tukaingia kufunga. Nilitaka kuifunga nyumba kama siku zote, ingawa paa lilikuwa linang'olewa alasiri ileile. Nikafunga vani, nikafungua bomba. Injenieri alinisaidia kusimamisha magodoro, Mama Odile alifunika viti. Upepo ulikata. Ile sauti ya kutwanga ikaanza, na safari hii haikuwa mbali, ilikuwa karibu, pale pale nje ya baraza. Kisha ikakoma, na katika ule ukimya Mama Odile akasema kwa sauti ya kawaida, Berna iko wapi.

Hakuwa barazani. Hakuwa jikoni wala garini. Injenieri alikimbilia njiani akimwita. Mimi nilitazama chini. Kiwanja, ambacho asubuhi kilikuwa kimejaa nyayo za viatu vyetu, kilikuwa kimefagiliwa chote, safi, nusu duara kwa nusu duara, mpaka majini.

Berna alikuwa ndani ya ziwa, mbali na ukingo, katikati ya ile miti myeupe. Maji yalimfika kifuani. Alikuwa ametugeuzia mgongo, mkono wake mmoja umeinuliwa kidogo pembeni, kama mtoto anayeongozwa na mtu mzima kuvuka barabara. Alikuwa anatembea pole pole. Ndege wote walikuwa wameondoka kwenye miti.

Nilivua viatu niingie. Mama Odile alinishika mkono, akanizuia. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ile, vidole vyake viliniachia alama. Hakupiga kelele. Alishuka mpaka maji yalipomgusa miguu, akapiga magoti, akapiga makofi ya pole pole kwa viganja vilivyokunjwa, jinsi wanawake wa kwetu wanavyomsalimu mkubwa.

“Kambo,” akasema. Kambo ni bibi. “Tunakushukuru. Ulinipokelea mutoto wakati sikukuwa na mutu. Ulitutunzia nyumba. Leo banatutoa hapa, haiko sisi njo tulitaka. Nyumba nakurudishia. Bitu byote nakuachia. Huyu mutoto ulinipa weye mwenyewe, na kitu ulishanipa hapana kukirudisha. Uniachie yeye, Kambo. Tunaenda. Ubakie muzuri.”

Akaendelea kupiga makofi. Berna alisimama. Maji yalikuwa yamemfika mabegani. Alibaki hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, na nikaona, nyinyi mtaniamini au hamtaniamini, kwamba mviringo wa maji ulikuwa unatoka sehemu mbili: pale aliposimama yeye, na pembeni yake, pasipokuwa na mtu. Kisha ule mkono wake ulioinuliwa ukashuka. Mviringo wa pembeni ukasogea kuelekea miti, ukaisha.

Berna aligeuka akarudi akitembea. Baba yake aliingia na nguo zake zote kumpokea. Alikuwa baridi kuliko maji. Tulimfunika na kile kitenge, maana Mama Odile alikwenda mwenyewe akakichukua, na alipokichukua aliomba ruhusa.

Waliondoka bila kugeuka nyuma, maana nilikuwa nimewaomba wafanye hivyo. Lori lilifika. Mafundi walitoa bati, milango, mabafu, bila wimbo na bila utani, na mafundi wetu walikuwa watu wa utani. Mimi niliombwa kurudisha funguo. Nilizirudisha. Baadaye nyasi na mafunjo vilipanda juu ya kuta, wavuvi wanasema huwezi tena kujua palikuwa wapi.

Nilifanya kazi miaka kadhaa zaidi Likasi, nikifunga nyumba ambazo hakuna aliyekuja kuzifungua. Nilistaafu bila sherehe, kama wengi wa kizazi changu. Nikiulizwa kazi hii ilinifundisha nini, nasema hivi: watu hawaagi matofali. Wanaaga asubuhi walizoamkia pale, na waliowatunza bila kuonekana. Fundi anayefunga nyumba lazima aache nafasi ya hilo, hata kama shefu amesimama nje ameshika saa.

Mwaka uliopita Berna alikuja kuniona hapa Panda. Ni mwalimu, ana watoto wake, mwili umejaa vizuri. Alikuja kunipa habari kwamba Mama Odile amefariki Lubumbashi, amelala akaenda, hakuumwa. Tulikaa tukamkumbuka. Nilimsikiliza mpaka machozi yake yakakauka, kisha nikamwuliza jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kulitaja: siku ile majini, yule mzee alimwambia nini.

Hakuona ajabu kuulizwa.

“Aliniuliza kama sisi tunaenda, nani atabakia na yeye,” akasema. “Mama haikujua. Wakati alianza kupiga makofi, minye nilikuwa nimeshaitika. Nilishamwambia nitabakia.”

Alipoaga, nilichukua fimbo yangu nikamsindikiza mpaka barabarani, ingawa magoti yangu hayataki tena, nikasimama naye mpaka teksi ikapatikana, nikamwambia dereva ampeleke moja kwa moja nyumbani kwake kwa watoto.